Tofauti Iko, Lakini Iko Kiasi Gani?

Nyinyi vijana wenye kupita nyumba kwa nyumba na tablette mukononi, mukiuliza wamama kama walilala, kama walilia, kama wanaogopa kwenda shambani peke yao: mimi nilifanya kazi hiyo miaka mingi mbele yenu, na fiche za karatasi na bic iliyokuwa inakataa kuandika kila asubuhi ya baridi. Nilisoma mpaka mwaka wa ine wa primaire. Wa ine, siyo wa sita. Lakini kwa miaka kumi na sita niliulizia watu wa psychologie maswali yao, na kuko kitu kimoja nilijifunza ambacho naona munakipita mbio kama vile munapita kaburi.

Mwezi uliopita mujukuu wangu Ansima, anayemaliza masomo ya psychologie hapa Bukavu, alinisomea kazi yake ya mwisho. Alisoma akiwa amesimama, kufanya zoezi ya siku atakayosimama mbele ya jury. Alipofika pale anapopapenda kuliko pengine, akainua sauti: "Kati ya vikundi viwili tofauti iko, na ni significative."

"Kiasi gani?" nikamuuliza.

"Koko, nimesema ni significative."

"Nimesikia. Maana yake haielekei kuwa bahati tu. Mimi naomba kiasi."

Akanitazama vile mutu angetazama mbuzi iliyomusalimia. "Sasa weye, swali ya jury unaitoa wapi?"

Niliitoa Kavumu, nje ya muji. Nilikaribia kupoteza kazi yangu kwa ajili ya swali hilo, na wamama wa kule walikaribia kupoteza kitu kikubwa kuliko kazi yangu.

Mutu aliyeniingiza katika kazi ni Papa Murhula, psychologue, mwembamba, mwenye kucheka polepole kama vile kicheko ni cha mukopo. Alikuja parokia yetu kutafuta watu wa kuuliza maswali kwa Kiswahili na kwa Mashi. Tulikuwa watu ishirini na wawili. Wenzangu walileta diplome zao ndani ya plastike. Mimi nilikuwa na kitunga cha avoka kichwani, maana nilikuwa napita tu nikielekea soko. Siku ya pili nikasalimia kila mutu kwa jina lake na jina la mutoto wake wa kwanza.

Papa Murhula akaniuliza: "Mama, hawa unawajua tangu zamani?"

"Nimewajua jana."

Akanichukua palepale. Aliniambia: "Wenye diplome watajaza fiche. Lakini kiisha miezi mitatu nitahitaji kumupata tena mama yule yule, na njia yote ya Kavumu imejaa wamama wenye kuitwa Nabintu." Hiyo njo diplome yangu. Kwenye fiche kila mama alikuwa namba, na namba hiyo iliandikwa ili siri yake ilindwe. Kichwani mwangu hakukuwa namba. Kulikuwa mutu, baba yake, shamba lake, na jina la mutoto aliye mugongoni. Na kinywa changu kilikuwa na kufuli. Wawili nitakaowataja hapa, Faida na Nsimire, waliniruhusu wenyewe. Faida alisema nikimuacha nje ya hadithi atakasirika.

Nianze na huyo Faida, maana yeye njo alitufundisha kwamba kipimo kinaweza kukudanganya bila mutu yeyote kusema uongo.

Huwezi kumwambia mama asiyesoma "chagua kati ya sifuri na ine". Kwa hiyo mwanzoni tulitumia maharage. Kwa kila swali nilimupa mama maharage ine na kikombe. Juma hili, usingizi ulikukimbia? Kama haukukukimbia hata siku moja, usitie kitu. Kama kidogo, tia moja. Kama kila siku, tia yote. Yaliyo katika kikombe nilihesabu, nikaandika, nikarudisha katika mufuko wangu. Yale yaliyobaki mukononi mwake, sikuyafikiria. Yeye aliyafikiria. Yalikuwa yanaingia katika fundo la kikwembe alichojifunga kiunoni.

Ulikuwa mwezi ambao mavuno ya zamani yameisha na mapya hayajakuja. Nikarudi ofisini Ibanda, hapa Bukavu, na fiche arobaini zinazosema kwamba Kavumu hakuna mutu anayelia. Faida, mujane mwenye watoto saba, hakutia hata harage moja kwa maswali yote kumi na tano.

Papa Murhula alipindua karatasi moja moja, kisha akasema: "Mama, tumeponya Kavumu yote na kilo mbili za maharage. Tupeleke habari Kinshasa."

Nikarudi kwa Faida. "Faida, ni kweli haulie?"

"Nalia sana, mama. Lakini yale maharage yalikuwa ya rangi muzuri."

"Uliyala?"

"Nile mbegu namna ile? Niliyapanda. Kuja uone, yameota."

Tangu siku ile tukaokota mawe madogo kando ya ziwa. Mawe hakuna mutu anayapanda. Muandike hiyo katika kaye zenu: mbele ya kuuliza tofauti iko kiasi gani, uliza kwanza kikombe chako kinapima huzuni ama kinapima njaa.

Lile swali la kiasi lenyewe nilifundishwa na avoka, siyo na kitabu. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya ofisi, saa ya kula. Papa Murhula akachungulia kitunga changu.

"Hizi avoka za nani?"

"Hizi za dada yangu, hizi za shemeji."

"Za nani ni kubwa?"

"Za dada."

"Zote?"

"Zote hapana. Kuko za shemeji zinapita za dada."

Akazichanganya zote, mimi nikimuangalia tu kwa sababu ni mukubwa wangu. Akatoa moja. "Hii ya nani?" Nikajibu. Akatoa nyingine. Mara nyingi nilipata, mara nyingine nilikosa.

"Sasa sikia," akasema. "Kama ungepata kila mara, tofauti kati ya miti hii miwili ni kubwa sana. Kama ungekuwa unabahatisha tu, basi ni kama hakuna. Weye uko katikati. Hiyo katikati iko wapi, njo kiasi. Sasa, nikipima magunia mia ya huku na magunia mia ya kule, mizani itaniambia tofauti iko, hata kama ni ya unene wa ganda. Na haitanidanganya. Lakini mama gani atavuka muji muzima kwa ajili ya ganda? Jambo kuwa kweli na jambo kuwa kubwa, hayo ni mambo mawili."

Kisha akala avoka moja ya dada yangu bila kuomba.

Basi tufike kwa kazi yenyewe. Kavumu kulikuwa vikundi vya mazungumzo. Wamama waliopita mambo mazito walikaa pamoja kila siku ya ine, ndiyo alhamisi, na mama mumoja aliyefundishwa kusikiliza. Hakuna dawa, hakuna mashine. Benchi za parokia, na mulango unaofungwa. Nafasi hazikutosha wote, kwa hiyo tuliweka vikaratasi katika kofia, na kila mama akatoa chake: nusu waanze, nusu wangoje. Mimi nilipaswa kuwauliza wote mwanzoni, na kuwauliza tena kiisha miezi mitatu. Kama waliokaa katika kikundi wangekuwa wamepata nafuu kuliko wanaongoja, vikundi vingeendelea, na wale wa kungoja wangeingia nao. Kama sivyo, wenye kusaidia projet na pesa wangefunga, na benchi zingerudi kanisani. Wamama wote walijua hivyo. Hapo njo kosa lilipoanzia.

Mimi nilikuwa napenda wale wamama. Kila nilipofika siku ya kikundi nilibeba kipande cha sabuni kwa kila mumoja, maana huwezi kumutembelea mutu mikono mitupu. Nilikula bugali na samaki za sambaza kwao. Nilikwenda kwenye batizo la mutoto wa Nsimire, mumoja wa kikundi, na nikashika mushumaa. Wale wa kungoja sikuwatembelea. Hawakuwa na siku yao.

Miezi mitatu ikapita, nikauliza. Majibu yalikuwa muzuri kupita kiasi. Kati ya kila wamama kumi wa kungoja, watatu walisema wanalala. Kati ya kila kumi wa kikundi, nane. Nsimire, aliyetia mawe ine mwanzoni kwa swali la usingizi, safari hii hakutia hata moja. Nilimushika mukono kwa furaha.

Kwetu, munajua, mugeni haondoki peke yake. Unamusindikiza. Na munajua pia kwamba maneno ya nyumbani ni ya nyumbani, na maneno ya njiani ni mengine. Nsimire akanisindikiza mpaka kwenye njia ya Goma. Tulikuwa tunangoja gari, yeye akichora chini na kidole cha muguu.

"Mama," akasema, "miye silale."

"Tangu lini?"

"Tangu mbele ya kikundi. Afazali kidogo sasa, lakini silale."

"Nsimire. Nimetoka kwako sasa hivi. Haukutia jiwe."

"Ningetia namna gani? Unakula kwangu, unanileta sabuni, unashika mushumaa ya mutoto wangu, kisha nikuonyeshe mawe? Ni kukufukuza. Na bakubwa ba Ibanda bangesema umeshindwa kazi."

Akaongeza, sasa akinitazama: "Na kikundi, bakikifunga, miye nitaenda kulia wapi?"

Gari ikaja. Nilipanda, na mpaka Bukavu sikusalimia mutu.

Niliwaza hivi, sitawaficha. Nikinyamaza, raporo itapita, vikundi vitaendelea, Nsimire atapata mahali pa kulia, na mimi nitakula mushahara wangu. Nikisema, vyote vinaweza kufungwa, na mwenye kufunga ni mimi. Uongo wenyewe haukuwa wangu, hata haukuwa uongo, ulikuwa adabu. Lakini nilikumbuka maharage ya Faida. Tuliyacheka yale kwa sababu yalikuwa ya mutu mwingine. Sasa harage lilikuwa sabuni yangu.

Asubuhi nikaingia kwa Papa Murhula, nikasema yote nikiwa nimesimama. Akaweka bic chini.

"Wako wangapi wenye walifanya kama huyo?"

"Wengi. Nikianza kuwataja majina..."

"Usinitajie majina. Majina ni yako." Akasukuma fiche pembeni. "Niliona ile namba ni kubwa mno, mama. Kukaa kwenye benchi miezi mitatu hakufanyi hivyo. Nilijiambia, usiharibu furaha. Sasa tumeharibu wote wawili, kaa chini."

Akatafuta mwanamuke mwingine wa kuuliza upya. Alimupata Zawadi, wa Kamituga, aliyekulia kati ya wachimba dhahabu na asiyeogopa kitu. Kavumu hakuna aliyemujua. Hakuambiwa nani alikaa katika kikundi na nani alingoja. Sabuni hapana, bugali hapana. Alikaa kando ya mama, siyo mbele yake, akauliza maneno yale yale kwa sauti ile ile, na akageuza uso wakati mama anatia mawe. Mimi kazi yangu ilikuwa kumuonyesha nyumba tu na kurudi njiani. Wamama walininung'unikia. "Huyu mugeni wako hata maji hakunywa," mumoja aliniambia. "Ni mutu ama ni serikali?"

Mama mumoja wa kikundi hatukumupata. Alikuwa ameenda Kamituga kuuzia wachimbaji chakula. Chef wa projet alisema tumuache, mutu mumoja haharibu hesabu. Zawadi akapanda pikipiki, akamupata, na yule mama akasema wazi kwamba aliacha kikundi kwa sababu kuongea kulimuzidishia ndoto mbaya. Tukamuandika. Mukihesabu waliobaki tu, muko munajisifu mbele ya kioo. Anayekimbia anakimbia na jibu lake.

Zawadi alipomaliza, ile tofauti kubwa ilikuwa imepungua. Wa kungoja: kati ya kumi, watatu wanalala. Wa kikundi: kati ya kumi, watano. Nsimire alitia mawe matatu. Mwanzoni ine, sasa matatu.

Chef aliita mukutano. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa mutu mwenye woga. "Tuko na majibu ya kwanza, ni majibu ya wamama wenyewe," akasema. "Juu ya nini kuyatupa?"

"Hatuyatupi," Papa Murhula akajibu. "Tutaandika yote mawili, na tutaandika kwa sababu gani yanatofautiana."

"Na wakifunga?"

"Wakifunga, watafunga kwa ajili ya jambo la kweli."

Chef akanigeukia. "Na weye mama, uliyeleta mambo haya, ungefanya nini?"

"Ningefanya nilivyofanya," nikasema. "Lakini sasa naomba nipewe kiti."

Yule aliyetumwa na wenye kusaidia alikuja, bibi mumoja mukimya mwenye miwani ya kamba, mutu wa Kongo kama sisi, lakini wa mbali. Alisoma kurasa zote. Kisha akauliza neno moja: "Kwa hiyo ni kidogo?"

Papa Murhula akaninyooshea mukono: nijibu mimi. Sijui mupaka leo kama aliniheshimu ama aliniadhibu.

Nikasimama, nikasema: "Mama, kati ya wamama kumi, wawili zaidi wanalala. Inaweza kuwa mumoja, inaweza kuwa watatu. Hatukuuliza dunia nzima. Siyo wote kumi. Mutu akikuambia kumi, muulize alileta sabuni ngapi. Na mumoja alizidishiwa ubaya, ameandikwa hapo."

"Na hilo jiwe moja munaloandika hapa, kutoka ine kufika matatu, ni nini?"

Hilo nilikuwa nimemuuliza Nsimire mwenyewe, njiani, mahali pa maneno ya kweli. "Ni siku mbili ndani ya juma analala mpaka jogoo. Zingine bado. Anasema siku zile mbili analima, na watoto hawaogopi uso wake. Na kikundi kinaomba benchi, mulango na mama mumoja mwenye masikio. Sasa weye njo useme kama ni kidogo."

Akavua miwani. Akauliza: "Hao wawili, unawajua?"

Watu wote wakacheka, maana kila mutu ofisini alijua kwamba mimi nakumbuka kila jina. Nikafungua kinywa kusema kwamba nawajua lakini siwezi kuwataja. Kisha nikaona kwamba siwajui. Wanaolala niliwajua wote, mumoja mumoja. Lakini katika kila watano wao, watatu pengine wangelala hata bila kikundi, kama wale watatu wa kungoja. Ni nani angelala hata hivyo, na ni nani aliyesaidiwa? Hakuna jiwe linalosema hivyo. Nikajibu: "Hapana, mama. Najua kwamba wako. Hawana jina."

Akageuza kurasa, akarudi kwenye ule ukurasa wenye majibu mawili, la sabuni na la Zawadi. "Raporo nyingi zinaniambia walishinda," akasema. "Hii inaniambia walikosea wapi. Hii naweza kuiamini, pamoja na ile hesabu yake ndogo."

Vikundi havikufungwa. Wamama wa kungoja waliingia. Kiisha mwaka mumoja Zawadi alipeleka benchi Kamituga, na huko waliongeza mama wa pili, wa kufuatilia wale ambao kuongea kunawaumiza; hiyo tulijifunza kwa yule aliyekimbia. Papa Murhula alinitangulia kupumzika kazi, na zawadi yake ya kuagana nami ilikuwa avoka mbili. "Ya nani, ya nani?" akauliza. Nilipata zote mbili, lakini ilikuwa bahati. Nsimire leo njo anaongoza kikundi cha siku ya ine. Anaambia wamama wapya: "Tia mawe yako yote, hapa hakuna mugeni." Siku anazolala ndani ya juma sasa ni ine, mara nyingine tano.

Ansima alisikia hadithi hii yote akiwa bado amesimama na karatasi zake. Kisha akakaa. Alichukua siku tatu, akaandika upya ule ukurasa anaoupenda: tofauti ni kiasi gani, inaweza kuwa ndogo mpaka wapi na kubwa mpaka wapi, na katika maisha ya mutu maana yake ni nini. Neno significative bado liko, lakini sasa limekaa nyuma kidogo, kama mutoto mwenye adabu mbele ya wageni. Atasimama mbele ya jury ijumaa. Anaogopa watamwambia tofauti yake ni ndogo. Nimemwambia: wakikuambia hivyo, wajibu ndiyo, kisha waambie inatosha nini.

Jana alirudi kuniuliza: "Koko, kweli hao wawili haujawahi kuwajua? Hata kukisia?"

Sijawahi. Wamama wote wa Kavumu ninao kichwani, na watoto wao, na waliokufa, na waliohamia mbali. Hao wawili tu wa kila kumi njo sina majina yao. Ndiyo maana nikipita Kavumu siku hizi, na fimbo yangu, sichagui mutu wa kusalimia. Nasalimia kila mama vizuri, nikisimama, kama vile ni yeye.